Kila jioni mama anataka kwenda kuanua dagaa

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 38, mama wa watoto wawili. Naishi Mabatini hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe, na nauza mitumba Mlango Mmoja. Naishi na mama yangu mzazi, ana miaka 74. Baba alifariki sisi tukiwa wadogo, mama akatulea na kutusomesha watoto watatu kwa biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Zaidi ya miaka 30 aliamka usiku wa manane kupokea mitumbwi, akaanika, akaanua, akauza. Hesabu za sado na magunia alikuwa nazo kichwani, hana daftari, na humdanganyi hata shilingi.

Miaka mitatu iliyopita alianza kusahau. Anatia chumvi mara mbili, anauliza jambo lile lile mpaka wajukuu wanacheka. Mwaka jana tulimpeleka hospitali, daktari akasema ni dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaowapata wazee, na presha pia anayo. Kusahau nimekuzoea, Shangazi. Kinachonimaliza ni jioni.

Ikifika saa kumi na moja hatulii. Anasimama, anakaa, anasokota ncha ya kanga, anakwenda mlangoni, anarudi. "Mvua inakuja. Dagaa wangu wako mchangani, nani atawaanua?" Namwambia mama, dagaa uliacha miaka sita iliyopita, huna dagaa. Hapo ndipo anawaka. Ananiita mwizi, anasema nimemuuzia mali yake. Ni hivyo mpaka saa nne usiku. Akipata usingizi, saa tisa ameamka, anagonga mlango kwa viganja, eti mitumbwi imefika.

Mwezi uliopita muuzaji wa duka la dawa alinishauri nimpe Piriton vidonge viwili kila usiku. Siku za mwanzo alilala, nikamshukuru Mungu. Sasa wiki ya tatu hii ni vurugu mchana na usiku. Anavuavua nguo, anakwenda chooni kila mara na kutoka bila kitu, anashika tumbo, chakula anakidonoa tu.

Wiki mbili zilizopita alitoka usiku. Kijana wa bodaboda alimkuta karibu na daraja la Mto Mirongo, miguu mitupu, ameshika ndoo. Tangu hapo kuna jirani anasema hadharani, "Bibi gani huyu anatembea usiku peke yake?" Watoto wa mtaani wakimwona wanakimbia. Sasa usiku napiga kufuli, ufunguo nauvaa shingoni. Mchana anakaa na binti wa kazi, naye ameshasema mwisho wa mwezi anaondoka.

Jumamosi mama alining'ang'ania anataka ufunguo, nikamsukuma. Akajigonga kwenye fremu ya mlango, kifundo cha mkono kimevimba. Hakulia. Aliniangalia, akaniuliza, "Mama, nimekosa nini?" Alikuwa ananiita mama mimi, mwanawe.

Kaka yangu yuko Geita, anasema mama anadeka, na kama ni ugonjwa basi apelekwe kwa mganga. Mdogo wetu yuko Dar, anatuma hela akiwa nayo. Je, kuna dawa nyingine ya kumlaza? Na nimfanye nini mtu ambaye hasikii ukweli?

Binti wa Mabatini

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliziruka habari za jioni nikasimama pale katikati, ulipoandika harakaharaka kuhusu choo. Tuanzie hapo, maana hilo haliwezi kusubiri.

Anakwenda chooni na kutoka bila kitu. Anashika tumbo. Anavua nguo. Hali chakula. Na yote haya yana wiki tatu tu. Dimenshia haina mwendo huo; yenyewe hushuka polepole, miezi na miaka. Mzee mwenye dimenshia akibadilika ndani ya siku chache, mara nyingi kuna kitu kingine kimeingia mwilini: maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, nimonia, choo kigumu, upungufu wa maji, sukari, hata jino bovu. Mimi na wewe tungesema "naumwa hapa". Kwa mama yako maneno hayo yamepotea na maumivu yamebaki, kwa hiyo yanatokea kwenye miguu na mikono. Ndiyo huko kutembeatembea, kuvua nguo na kugonga mlango unakokuona. Tena usingoje homa ndipo uamini kwamba anaumwa, kwa sababu wazee wengi huugua maambukizi bila kuchemka mwili.

Na hiyo Piriton acha kumpa, kuanzia leo. Ni dawa ya mafua na mzio. Usingizi ni athari yake ya pembeni. Kwa mzee inakausha mdomo, inafunga choo, inafanya mkojo utoke kwa shida, na inauvuruga ubongo zaidi, kwa kuwa inazuia kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo ubongo wenye ugonjwa wa Alzaima, aina ya dimenshia inayowapata wengi zaidi, tayari unayo pungufu. Mimi si daktari na sijamwona mama. Lakini uliianza mwezi uliopita, na vurugu ikaanza siku chache baadaye. Daktari ayasikie hayo kutoka kwako, pamoja na jina la kila kidonge anachomeza, cha presha kikiwamo.

Mpeleke kesho, Sekou Toure au Bugando, popote mnapofika kwa urahisi. Omba wapime mkojo, malaria na sukari, washike tumbo, waangalie masikio na macho. Kama leo mkojo hautoki kabisa na tumbo chini ya kitovu limekaza, usingoje kesho, nenda usiku huu. Mkono wake upigwe picha. Mifupa ya miaka 74 hupasuka kimyakimya. Na daktari akiuliza ilikuwaje, mwambie ulimsukuma. Usione haya. Bugando wana idara ya afya ya akili, na huko ndiko ningependa aendelee kuonwa mkishamaliza haya ya mwili. Ukifika ulizia dirisha la wazee. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bila malipo. Kitambulisho chake unaanzia ofisi ya serikali ya mtaa na ustawi wa jamii.

Sasa dagaa.

Unaniuliza umfanye nini mtu asiyesikia ukweli. Ukweli wako ni kwamba hana dagaa. Kwa mama, mali iko juani, wingu limetanda, na nyumbani kuna watoto watatu wanaotegemea hiyo mali wale na waende shule. Mmoja wa hao watatu ni wewe. Yeyote aliyewahi kukaa Mwaloni msimu wa mvua anajua dagaa wakilowa kabla ya kukauka inakuwaje: wanaishia kuwa chakula cha kuku, na mtaji ndiyo umekwenda. Ugonjwa huu unafuta kwanza yaliyo karibu. Ile miaka sita tangu aache biashara imefutika, ile 30 ya mchangani bado ipo. Kwa hiyo ukimwambia "huna dagaa", haelewi kwamba amestaafu. Anaelewa kwamba wameibwa. Na aliye mbele yake ni wewe.

Nakuambia hili kwa sababu nililikosea mwenyewe. Nilimuuguza mama mkubwa kule Sengerema, enzi hizo tukivuka kwa kivuko cha Kigongo na Busisi, daraja bado. Kila magharibi aliulizia mumewe. Mimi nikamwambia, "Alifariki, mama, tulimzika." Akavua kanga ya kichwani, akaifunga kiunoni, akakaa sakafuni miguu ameinyoosha, akalia kilio cha msiba mbichi. Kesho yake akauliza tena, nikamjibu vilevile, akaifunga kanga kiunoni tena. Siku ya tatu, nilipoona mkono wake unaelekea kwenye ile kanga, ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa namzikia mume upya kila jioni. Tangu siku hiyo nilimjibu, "Hajafika. Hivi alikuwa anapenda kula nini?" Naye angenieleza habari za kamongo na ugali wa muhogo mpaka chakula kikaiva.

Usibishane na maneno, ijibu hofu. Kaa, usimsimamie kichwani. Sauti iwe chini, sentensi moja kwa wakati, na kama alikulia kwenye Kisukuma kabla ya Kiswahili basi sema naye kwa Kisukuma, maana lugha ya utotoni hukaa muda mrefu. Mwambie, "Kweli mama, mvua ni mbaya kwa dagaa. Umewahangaikia sana hawa." Hapo hujasema uongo hata mmoja. Kisha mshike mkono mtoke uani mkaangalie mawingu pamoja. Anayetaka kutembea akipata mwenzake wa kutembea naye, mara nyingi hasira inashuka kabla hamjafika kwenye geti.

Lakini kuna jambo moja ningelifanya kabla ya hayo yote. Nunua dagaa wakavu, sado moja inatosha. Asubuhi mpe turubai au ungo mpana, wewe au huyo binti mkae naye, awaanike uani. Mwache awachambue, atoe mchanga na vikonokono. Tazama vidole vyake. Mtu ambaye jana alishindwa kufunga kifungo cha blauzi utamwona anamchukua dagaa mmoja kwa ncha za vidole, anamvunja asikie kama amekauka, anamtupa asiyefaa bila hata kumwangalia mara mbili. Mikono inakumbuka kazi kichwa kikishasahau. Halafu saa kumi jioni, saa nzima kabla ya ule wasiwasi wake, mwambie, "Mama, tuanue." Muwaanue wote, muwatie kwenye ndoo, ndoo ikae pale anapoiona. Saa kumi na moja akiuliza nani atawaanua dagaa, utakuwa na jibu la kweli: "Tumeshaanua, mama. Hawa hapa." Atie mkono awashike. Akiuliza tena baada ya dakika tano, mwonyeshe tena ndoo ileile kwa sauti ileile. Siwezi kukuahidi itafaa kila siku. Zikiwa jioni nne kati ya saba, hizo ni jioni nne umepata kupika kwa amani.

Hiyo saa kumi na moja yenyewe ina sababu zake. Waliozoea kuuguza wagonjwa hawa wanajua kwamba jua likianza kushuka, wasiwasi unapanda. Saa ya ndani ya ubongo imeharibika, mgonjwa amechoka, vivuli ukutani vinageuka watu. Ongeza na nyumba yenyewe: watoto wametoka shule, televisheni inapiga kelele, wewe umerudi na marobota na njaa. Huku kwetu jua huzama karibu saa moja mwaka mzima, kwa hiyo ratiba yako haitabadilika. Washa taa saa kumi na moja na nusu, giza lisikukute, na uwe na taa ya sola kwa ajili ya umeme kukatika. Televisheni izimwe. Mpeleke chooni, mpe chakula chake mapema bila kungoja cha saa mbili, hata kama ni viazi na maziwa. Chai ya rangi mwisho mchana. Maji mpe kidogokidogo kutwa nzima, kwa sababu hataomba. Asubuhi apate jua na matembezi, mchana asilale zaidi ya saa moja. Na mvua ikipiga kwenye mabati, acha kila kitu ukakae karibu naye. Kelele ile ndiyo hofu yake yenyewe.

Saa tisa usiku ndiyo saa aliyoamka kwa miaka 30, usishangae mwili kuishika. Choo, kikombe cha maziwa ya moto, taa hafifu. Kukiwa na mbalamwezi mfungulie dirisha aone, mwambie, "Leo mwezi mkubwa, mama, mitumbwi haijatoka." Atakuelewa haraka kuliko mtu yeyote, anajua dagaa huvuliwa gizani. Usiku wa giza mwambie, "Jinyooshe kidogo, nitakuamsha." Watoto walale chumba kingine, wewe ulale karibu naye.

Kuhusu dawa nyingine ya kumlaza, jibu langu ni hapana, si ya kununua dukani. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kulaza, humfanya mzee ayumbe na kuanguka, tena nyumba yenu iko kwenye mawe. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, na jamaa zake hutolewa wakati mwingine kwa fujo kali, lakini mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa mpya za kundi hilo huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia, na mwaka 2008 onyo likapanuliwa mpaka kwa zile za zamani, haloperidoli ikiwamo. Daktari anaweza kuona inabidi, kwa dozi ndogo na muda mfupi, akimfuatilia. Huo uamuzi ni wake.

Kufuli nalielewa, ila moto ukitokea mtakufa wote mkigombania ufunguo. Weka komeo juu kabisa ya mlango, asikozoea kuangalia, na kengele ndogo ikuamshe mlango ukisogea. Namba yako ya simu ishone kwenye pindo la kila gauni lake. Na yule kijana wa bodaboda mtafute umshukuru, kisha kijiwe chao chote kiwe na picha ya mama na namba yako.

Sasa huyo jirani. Mwanangu, hili limenitia hofu kuliko mengine yote, na sitaki ulichukulie kama umbea. Usukumani tumewazika bibi zetu waliouawa kwa panga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe miaka yote waliyokuwa wanatupikia. Bibi anayezunguka usiku akiongea na mitumbwi isiyoonekana yuko kwenye hatari hiyo hiyo. Usimfiche ndani, maana kumficha kunayapa maneno nguvu. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wiki hii, na cheti cha hospitali mkononi, umwambie jina la ugonjwa. Nenda kwa balozi na kwa vijana wa ulinzi shirikishi, wamjue kwa sura. Mchukue mama mchana, mmevaa vizuri, mpite kwa majirani mkisalimia, ukisema wazi: mama anaumwa ubongo, mkimwona amepotea nipigieni. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye dimenshia mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi kama yetu. Ni ugonjwa kama presha. Na ukisikia neno "mchawi" linatajwa na jina la mama karibu yake, hilo ni la polisi, siku hiyo hiyo.

Kwa mganga asipelekwe. Hana cha kumtibu, na akirudi kutoka huko majirani watakuwa wameshahukumu.

Sasa wewe. Uliandika kwamba hakulia, akakuita mama. Nilipofika hapo niliweka barua chini. Ulimkosea, na unajua, sitakufichia. Mwombe radhi hata kama hatakumbuka ni ya nini. Mwaka 2014 watafiti wa Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzaima filamu za huzuni na za furaha. Filamu wakazisahau upesi, lakini huzuni na furaha walibaki navyo kwa muda. Kwa hiyo kishindo cha Jumamosi huenda amekisahau, hofu yake ikakawia. Na upole wako wa jioni nao utakawia vivyo hivyo. Ukihisi mkono unataka kunyanyuka, hakikisha amekaa salama, toka nje, simama ukutani mpaka pumzi irudi.

Ila mtu mmoja hawezi kazi hii. Unauza kutwa, unakesha usiku, na binti wa kazi anaondoka kwa sababu naye ni mtoto wa watu aliyeachiwa mgonjwa bila maelekezo. Muongeze kidogo kama unaweza, mweleze habari za ndoo, huenda akabaki. Kina mama wa kanisani kwenu waombe mmoja aje Alhamisi kwa muda wa saa mbili tatu tu, wewe ulale. Mdogo wako wa Dar atume kiasi kinachojulikana, tarehe inayojulikana.

Na kaka yako wa Geita, mpe barua hii aisome mwenyewe. Kaka, shangazi yako nakuomba uje ulale Mabatini Ijumaa mpaka Jumapili. Ufunguo wa mlango ukae kwako, dada yako akalale kwa rafiki yake. Saa kumi jioni umsaidie mama kuanua. Usiku wa saa tisa akigonga mlango, wewe ndiye uamke. Jumatatu tutaongea kama anadeka.

Binti yangu, kesho asubuhi beba chupa ya maji na kanga ya kubadilisha, vidonge vyote kwenye mfuko mmoja. Mwambie mama mnakwenda mjini. Na hiyo ndoo akitaka kuibeba, mwache aibebe.

Shangazi